Itsukushima, Sumiyoshi au Munakata: uende hekalu gani la miungu wa bahari Japani?

Mtu akipanga safari ya Japani na kusema anataka kuona hekalu la miungu wa bahari la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, kila atakayemuuliza atamwonyesha picha ile ile: lango jekundu limesimama majini, milima imejaa nyuma yake. Hilo ni hekalu la Itsukushima, katika kisiwa ambacho wengi hukiita Miyajima, karibu na Hiroshima. Picha ni ya kweli, ila haisemi ilipigwa saa ngapi, na kwa hekalu lile saa ndiyo kila kitu.

Mimi nimelelewa pwani, katika nyumba ambayo hakuna aliyepanga kwenda popote kwa mashua kabla ya kuuliza maji yako vipi. Kwa hiyo ninapolinganisha Itsukushima na mahekalu mengine mawili makubwa ya bahari, Sumiyoshi Taisha lililoko Osaka na Munakata Taisha la mkoa wa Fukuoka, ninaanza na maji. Mengine, kama nauli, umati na chakula, yanafuata.

Yote matatu yanafikika kwa njia moja. Treni ya mwendo kasi ya Sanyo inatoka Shin-Osaka, inapita Hiroshima na kuishia Hakata, ambacho ndicho kituo kikuu cha jiji la Fukuoka. Osaka hadi Hiroshima ni kama saa moja na nusu, na Hiroshima hadi Hakata ni kama saa moja. Aliye na siku nne au tano anaweza kuyaona yote. Makala hii ni ya yule mwenye siku moja au mbili, anayelazimika kuacha mengine.

Nani anaabudiwa wapi

Itsukushima na Munakata ni ndugu. Yote mawili ni ya miungu wale wale watatu wa kike. Simulizi za kale zinasema Amaterasu, mungu wa jua, aliuchukua upanga wa nduguye Susanoo, akauvunja vipande vitatu, akavitafuna, na katika ukungu wa pumzi yake wakazaliwa mabinti watatu: Tagorihime, Tagitsuhime na Ichikishimahime. Munakata ndiyo shina, Itsukushima ni tawi. Watu wengi hufika kwenye tawi na kurudi kwao bila kujua kwamba shina lipo, mwendo wa saa chache tu kwa treni.

Sumiyoshi wana asili nyingine. Izanagi, mungu aliyeviumba visiwa vya Japani, alipotoroka kutoka Yomi, nchi ya wafu, aliingia majini kujitakasa, na katika kuoga huko wakazaliwa miungu watatu: mmoja kilindini, mmoja katikati ya maji, mmoja juu usoni. Sokotsutsu, Nakatsutsu, Uwatsutsu. Napenda sana mpangilio huo, kwa sababu ndivyo mvuvi anavyoiona bahari, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina samaki wake na hatari yake. Pamoja nao anaabudiwa Jingu, malkia ambaye kwa mapokeo ndiye aliyelianzisha hekalu mwaka 211. Mahekalu ya Sumiyoshi nchini Japani yanakaribia 2,300, na hili la Osaka ndilo mama yao.

Bahari yenyewe iko wapi?

Itsukushima: bahari inaingia hadi ndani. Mapokeo yanasema hekalu lilianzishwa mwaka 593, lakini sura tunayoiona leo ilianza mwaka 1168, pale Taira no Kiyomori, mkuu wa ukoo wa Taira, alipolijenga upya juu ya ufuo unaofunikwa na maji. Kisiwa chote kilihesabiwa kuwa kitakatifu, hivyo hekalu likawekwa ukingoni, mahali ambapo si nchi kavu wala si bahari. Kumbi zimeunganishwa na baraza ndefu zilizosimama juu ya nguzo. Mbao za sakafu zimeachiwa nafasi kati yake, ili maji yakipanda sana yapenye juu badala ya kuinyanyua sakafu nzima. Fundi wa jahazi angelielewa wazo hilo bila kuelezwa. Hata hivyo bahari hushinda mara nyingine: kimbunga cha mwaka 2004 kilibomoa moja ya kumbi za wapiga muziki, ikabidi ijengwe upya.

Lango kubwa, yaani torii, lina urefu wa mita 16.6 na uzito wa takriban tani 60. Lililopo sasa lilisimamishwa mwaka 1875. Nguzo zake kuu mbili ni magogo ya mkafuri, na hazikuchimbiwa chini hata kidogo. Limekaa pale kwa uzito wake, juu ya vigingi vilivyokandamizwa kwenye tope, na boriti yake ya juu imejazwa mawe ili izidi kuwa nzito. Lilifungwa kwa matengenezo tangu Juni 2019 hadi Desemba 2022, kwa hiyo sasa unalikuta likiwa na rangi mpya.

Sasa, maji. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa bamvua na maji mafu, na elimu hiyo itamfaa Miyajima kuliko kitabu chochote cha wageni. Tofauti ya kujaa na kupwa pale inaweza kufika karibu mita 4. Jedwali la maji hutangazwa kwa kila siku ya mwaka, na kipimo cha kukumbuka ni hiki: maji yakizidi sentimita 250, lango na kumbi vinaonekana kuelea, yakishuka chini ya sentimita 100, unaweza kutembea kwa miguu hadi chini ya lango na kuigusa nguzo. Katikati ya vipimo hivyo kuna hali isiyo huku wala kule, lango limezungukwa na madimbwi, na baraza ziko juu ya tope lenye mwani. Wageni wengi wanaoshuka na feri ya saa nne asubuhi na kuondoka saa nane mchana hukutana na hali hiyo, wakarudi wakisema picha ziliwadanganya. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo ukikaa kama saa sita utayaona yote mawili. Ukichagua siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bamvua itakupa kujaa kukubwa na kupwa kukubwa katika siku moja. Siku za maji mafu zinaweza kukunyima vyote viwili.

Wenyeji wanalijua hilo tangu zamani. Sikukuu kubwa ya hekalu, Kangensai, ambapo muziki wa kale hupigwa juu ya mashua usiku, huangukia siku ya 17 ya mwezi wa sita wa kalenda ya mwezi, wakati maji yana nguvu.

Sumiyoshi: bahari imeondoka. Hekalu lilikuwa ufukweni, kwenye misonobari, karibu na bandari ya Suminoe. Wajumbe wa Japani waliokwenda China wakati wa dola ya Tang waliomba hapa kabla ya kupanda merikebu, na ilikuwa safari ambayo wengine hawakurudi. Karne kwa karne watu wa Osaka wakaifukia ghuba kupata ardhi, na leo ufuo uko kilomita kadhaa upande wa magharibi, nyuma ya viwanda na barabara kuu. Ukienda ukitegemea kusikia mawimbi utasikia tramu.

Lakini usilipite kwa sababu hiyo. Kumbi nne kuu zinautazama upande wa magharibi, ile bahari ambayo haionekani tena. Tatu zimepangwa moja nyuma ya nyingine, na ya nne iko ubavuni, kama majahazi yanayosafiri pamoja. Zilijengwa mwaka 1810 kwa mtindo wa kale ambao paa lake limenyooka, halina mpindo ule unaoonekana kwenye mahekalu mengi yaliyopokea uashi wa China, na zote nne ni Hazina za Taifa. Uwanjani kuna taa za mawe zipatazo 600. Zililetwa na wafanyabiashara na wenye vyombo wa zama za biashara ya pwani, wakiomba shehena zao zifike. Ukipita kati yake unasoma bandari za Japani nzima, na hapo ndipo utaiona bahari ya Sumiyoshi.

Munakata: bahari ni njia, na lazima uivuke. Mabinti watatu wamegawana makao. Ichikishimahime yuko bara, katika Hetsumiya. Tagitsuhime yuko Nakatsumiya, katika kisiwa cha Oshima. Tagorihime yuko Okitsumiya, katika kisiwa cha Okinoshima, kilomita kama 60 kutoka pwani ya Kyushu, kisiwa kikubwa ambamo Fukuoka imo. Ukiunganisha makao hayo kwa mstari, mstari unaelekea rasi ya Korea, na huo ndio mlango wa bahari ambao vyombo vilipitia kuleta chuma, vioo vya shaba na mafundi. Mabaharia walifanya ibada Okinoshima tangu karne ya 4 hadi ya 9. Vitu vipatavyo 80,000 walivyoviacha kama sadaka vilichimbuliwa kati ya mwaka 1954 na 1971, na vyote vimetangazwa Hazina za Taifa. Kuna pete ya dhahabu, kuna mitambo midogo ya kufumia nguo kama ya kuchezea watoto, na kuna kipande cha bakuli la kioo kilichotoka Uajemi. Mtu wa pwani yetu, ambaye udongo wake pia hutoa vigae vya Uajemi, atasimama mbele ya kipande hicho kwa muda.

Okinoshima kwenyewe huendi. Wanawake hawakuruhusiwa tangu zamani. Wanaume wachache waliruhusiwa siku moja tu kwa mwaka, tarehe 27 Mei, baada ya kuoga baharini bila nguo, na tangu mwaka 2018 hata hao wamezuiwa. Kuhani mmoja hukaa huko peke yake, wakipokezana kila siku kumi. Aliyefika hasimulii alichokiona, wala haondoki na jani wala jiwe. UNESCO ilipokiandika kisiwa hicho na maeneo yanayohusiana nacho kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, hakuna mlango uliofunguliwa kwa watalii. Wapo wanaoona ni hasara kwenda mahali ambapo kitovu chake hakifikiki. Mimi naona ndiyo sababu ya kwenda.

Muda, nauli na miguu

Aliye Osaka kwa nusu siku aende Sumiyoshi na asijisumbue. Kutoka Namba unapanda treni ya Nankai, kama dakika kumi tu, unashuka kituo cha Sumiyoshitaisha. Au, kama huna haraka, panda tramu ya Hankai, tramu ya mwisho iliyobaki Osaka, inayosimama mbele kabisa ya lango. Kuingia ni bure. Milango hufunguliwa saa 12 asubuhi kati ya Aprili na Septemba, na saa 12 na nusu miezi mingine.

Itsukushima linataka siku nzima, na bora zaidi siku na usiku. Kutoka Hiroshima ni treni ya kama nusu saa hadi Miyajimaguchi, kisha feri ya dakika kumi. Kisiwa kinatoza ushuru wa mgeni yeni 100, ulioanza Oktoba 2023, na hekalu lina kiingilio chake. Hekalu hufunguliwa saa 12 na nusu asubuhi, na hapo ndipo penye faida ya kulala kisiwani: wageni wa mchana wakiondoka na feri za jioni, njia zinabaki na wenyeji, kulungu na wageni wachache, lango limewashiwa taa. Vyumba kisiwani ni ghali. Asiye na uwezo huo alale Miyajimaguchi, ng'ambo tu ya maji, apande feri ya alfajiri.

Munakata linataka siku nzima pia, na uvumilivu wa ratiba. Kutoka Hakata unapanda treni hadi kituo cha Togo, kama dakika 40, kisha basi hadi Hetsumiya. Basi likiendelea linafika gati la Konominato, na hapo chombo cha kwenda Oshima, safari isiyofika nusu saa. Vyombo ni vichache kwa siku. Andika saa za kurudi kabla ya kuondoka gatini. Tena bahari ya hapo, Genkai, ina hasira wakati wa kipupwe, na upepo ukizidi chombo hakiondoki. Anayekwenda Desemba au Januari awe na mpango wa pili, nao upo: Hetsumiya peke yake panatosha kwa nusu siku, pamoja na jumba la makumbusho lenye vitu vya Okinoshima.

Kwa wazee na wenye miguu mizito, Itsukushima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, maana baraza ni tambarare na unatembea na viatu vyako. Sumiyoshi pana daraja maarufu la Sorihashi, jekundu, limeinuka kama mgongo wa ngamia. Kupanda si shida, kushuka ndiko kunakotetemesha magoti. Kando yake kuna njia ya tambarare, na hakuna atakayekushangaa ukiitumia. Munakata ngazi hazikwepeki: kufika Takamiya, kiwanja cha ibada cha kale msituni nyuma ya Hetsumiya, ni lazima upande, na Nakatsumiya vilevile.

Takamiya, hata hivyo, ndipo ningempeleka rafiki kabla ya pengine popote. Hakuna jengo pale. Kuna mawe, miti na nafasi iliyozungushiwa uzio mdogo. Ibada za Shinto zilifanyika namna hiyo kabla ya kujengwa kumbi zozote, na bado zinafanyika.

Umati

Itsukushima hujaa karibu mwaka mzima, hasa majani yanapogeuka rangi mwezi wa Novemba. Sumiyoshi ni tulivu siku za kawaida, lakini siku tatu za kwanza za Januari hupokea watu zaidi ya milioni 2, na hapo hutaona kitu zaidi ya migongo. Munakata hujaa Jumapili za familia, kwa jambo ambalo mgeni halitarajii: watu huleta magari yao yaombewe. Mabinti hawa huitwa wenye njia, na njia ya leo ni lami.

Ukipenda sikukuu, pima tarehe. Sumiyoshi ina upandaji wa mpunga tarehe 14 Juni, katika shamba lililo ndani ya eneo la hekalu, na sikukuu ya kiangazi tarehe 30 Julai hadi 1 Agosti, ambapo machela ya mungu hubebwa mabegani hadi Sakai, wachukuzi wakiuvuka mto Yamato ndani ya maji. Munakata ina Miare tarehe 1 Oktoba, nami naiweka juu ya zote: mashua za wavuvi zenye bendera za rangi huwasindikiza mabinti wawili wa visiwani kwenda kukutana na ndugu yao bara. Wavuvi wenyewe ndio wanaoendesha shughuli. Hawamwigizii mtalii.

Kwa Mwislamu au Mkristo anayeingia

Je, kuingia hekaluni ni kuabudu? Swali hili huulizwa kwa sauti ndogo, kwa hiyo nitalijibu waziwazi. Hakuna anayekulazimisha kuabudu. Kunawa kwenye birika la mawe, kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili na kuinama tena ni ibada ya wenyewe. Ukisimama pembeni kimya umeheshimu vya kutosha. Usitembee katikati kabisa ya njia inayoelekea ukumbini, maana hiyo huhesabiwa kuwa njia ya mungu. Usipige picha ndani ya ukumbi wa ibada, wala usimpige mtu anayeomba. Hirizi na vikaratasi vya bahati vinauzwa kila mahali, na kutonunua si utovu wa adabu.

Chakula ni sharti uulize. Miyajima ni nchi ya chaza, huchomwa mbele yako kwenye makaa, na mwenye kula chaza atafurahi. Wali wa mkunga, chakula maarufu cha pale, hupakwa mchuzi ambao kwa kawaida hupikwa kwa mvinyo wa mchele. Chapati nene za Hiroshima, okonomiyaki, huwekwa nyama ya nguruwe usipokataza.

Ningechagua vipi

Mwenye watoto: Sumiyoshi. Kuna daraja la kupanda, na kuna mahali pa kokoto ambapo watoto hupekua wakitafuta vijiwe vitatu vilivyoandikwa herufi za "tano", "kubwa" na "nguvu". Kuna pia paka wadogo wa udongo wanaouzwa siku ya dragoni ya kwanza ya kila mwezi, dragoni akiwa mmoja wa wanyama 12 wanaopokezana siku katika kalenda ya kale. Wenyeji hukusanya paka 48, mmoja kila mwezi kwa miaka minne, ndipo wapewe mkubwa zaidi. Subira ya namna hiyo ni vizuri mtoto aione kwa macho.

Anayekwenda Japani mara moja tu maishani: Itsukushima, kwa sharti kwamba tarehe aichague kwa kalenda ya mwezi na alale angalau usiku mmoja karibu. Bila masharti hayo mawili nisingemshauri afunge safari kutoka Osaka na kurudi siku hiyo hiyo. Na akiwa barazani akumbuke mwisho wa waliolijenga. Ukoo wa Taira, uliowekeza mali na heshima yake kwa miungu wa bahari, uliangamia baharini, katika vita vya Dan-no-ura mwaka 1185, na mjukuu wa Kiyomori, mfalme mtoto Antoku, akazama pamoja nao. Miaka 17 tu baada ya ujenzi ule.

Anayerudi Japani mara ya pili, au mtu wa pwani ambaye bahari kwake ni kazi na makaburi: Munakata, na asiishie Hetsumiya. Avuke hadi Oshima, apande upande wa kaskazini wa kisiwa hadi Yohaisho, nyumba ndogo ya kuabudia kwa mbali. Wasioruhusiwa Okinoshima, yaani wanawake wote tangu kale na sasa sisi sote, husimama hapo kutazama maji. Hewa ikiwa safi, kisiwa huonekana kwenye upeo, kilomita karibu 50 mbele, kama tanga lililosimama.

Aangalie tu saa ya chombo cha mwisho cha kurudi Konominato.